Stockholm: Shule ya umma na vita dhidi ya umaskini

Sweden leo inahesabiwa miongoni mwa nchi tajiri duniani. Katika karne ya 19, hata hivyo, ilikuwa nchi ya wakulima maskini na vibarua, na watu wake waliihama kwa maelfu. Historia ya shule zake za umma inaonyesha kuwa sheria peke yake haikutosha kumkomboa mtoto wa maskini. Funzo hilo lilivuka bahari hadi Tanzania.

Tarehe 18 Juni mwaka 1842, chini ya Mfalme Karl XIV Johan, serikali mjini Stockholm ilitangaza amri ya shule za umma. Kila usharika, wa mjini na wa mashambani, ulitakiwa uwe na angalau shule moja, ikiwezekana ya kudumu, yenye mwalimu aliyepata mafunzo. Masharika yalipewa miaka mitano kuitekeleza amri hiyo. Vyuo vya ualimu navyo viliamriwa vifunguliwe Stockholm na katika miji yenye makao ya dayosisi.

Wasweden wengi walikuwa wakijua kusoma hata kabla ya hapo. Tangu Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686, wachungaji waliwapima waumini nyumba kwa nyumba, kuona kama wanaweza kusoma na kama wanaijua Katekisimu. Lakini kusoma ni jambo moja, kuandika na kuhesabu ni jingine. Kibarua aliyeisoma Katekisimu bila kukwama hakuwa lazima aweze kuandika barua au kukagua hesabu ya ujira wake.

Amri ya mwaka 1842 haikuleta mabadiliko kwa siku moja. Vijiji vingi vilikuwa na mwalimu wa kuhamahama, aliyefundisha majuma machache hapa na majuma machache kule. Wazazi maskini waliwahitaji watoto wao shambani au viwandani. Baa la njaa la miaka ya 1867 hadi 1869 lilizidisha dhiki, na kuanzia katikati ya karne hiyo hadi mwaka 1930 zaidi ya watu milioni moja waliondoka Sweden, wengi wao wakielekea Marekani.

Njaa darasani

Mjini Stockholm tatizo lilikuwa na sura yake. Watoto walioandikishwa shule walikaa darasani na njaa, na baada ya masomo walirandaranda mitaani wakiuza vitu vidogo vidogo au wakiombaomba. Mwaka 1887, Anna Hierta-Retzius alianzisha katika usharika wa Adolf Fredrik nyumba ya kazi za mikono kwa watoto wa shule maskini. Huko walifundishwa kazi kama vile kusuka vikapu na kushona viatu, na walipewa chakula. Ilikuwa dalili ya mapema kwamba vita dhidi ya ujinga haviwezi kutenganishwa na vita dhidi ya njaa.

Mwalimu Fridtjuv Berg, ambaye baadaye alikuwa waziri wa elimu, aliona kasoro nyingine. Shule ya umma ilikuwa ya watoto wa maskini, huku wenye uwezo wakiwapeleka watoto wao kwingine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1883 alidai kuwa shule ya umma iwe msingi wa watoto wote. Hoja yake ilikuwa kwamba shule ya maskini peke yao itabaki kuwa shule maskini.

Watu wazima pia hawakusahauliwa. Mwaka 1880, daktari Anton Nyström alifungua taasisi ya wafanyakazi mjini Stockholm, ambako mihadhara ya sayansi na historia ilitolewa jioni baada ya kazi. Mwaka 1912 vyama vya wafanyakazi vikaunda jumuiya yao ya elimu, ABF, iliyoeneza vikundi vya kujisomea nchi nzima.

Hatimaye siasa ilifuata. Mwaka 1946 bunge liliamua kuunga mkono kwa fedha za serikali chakula cha mchana cha bure shuleni, na mwaka 1962 ikaanzishwa shule ya msingi ya miaka tisa kwa watoto wote. Kutoka amri ya mwaka 1842 hadi hapo, miaka 120 ilikuwa imepita.

Kutoka Stockholm hadi Kibaha

Tanzania haikuwa tayari kungoja muda huo. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Sweden na majirani zake wa Skandinavia na Finland walikuwa wamekwisha shiriki katika kituo cha elimu cha Kibaha, na shirika la misaada la Sweden, SIDA, lilisaidia elimu ya watu wazima. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyochukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Hatimaye vilizidi 50, vikifundisha useremala, uashi, ushonaji na kilimo bora.

Mafanikio yalionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa takwimu za serikali, ni mtu mzima mmoja tu kati ya watano ambaye hakujua kusoma. Lakini msukosuko wa uchumi ulipoikumba nchi, madarasa ya kisomo yalidhoofika na karo ikarudi katika shule za msingi, hadi ilipofutwa tena mwaka 2001. Vyuo vyenyewe vilinusurika, na katika miaka ya karibuni vimewapokea wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, baadhi vikiwa na mahali pa kuwalelea watoto wao.

Stockholm nayo haijamaliza mjadala wake. Tangu mageuzi ya mwaka 1992, shule za binafsi hulipwa kwa fedha za umma, na wakosoaji wanasema watoto wa matajiri na wa maskini wanaanza kutengana tena. Swali la Fridtjuv Berg limerejea: je, shule inaweza kuondoa umaskini, ikiwa wenye nacho hawaketi ndani yake?