Majina ya Zana za Magari: Historia Yake na Funzo la Bomani

Kazi ya kukuza istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa ni kazi ya mezani tu: wataalamu hukaa, hushindania viambishi, hukubaliana, kisha orodha hupigwa chapa na kupelekwa shuleni. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Neno ambalo mipaka ya maana yake haikuwekwa wazi laweza kumgharimu mwananchi fedha, laweza kuharibu mali yake, na pengine laweza kumponza yeye mwenyewe. Mfano wetu tumeutoa katika zana za kutengenezea magari, na mahali tulipouona ni Bomani, katika mji wa Tarime, mkoani Mara.

Tulifika huko kukusanya maneno yatumiwayo na mafundi. Tukakaribishwa na mwalimu mmoja mstaafu, ambaye uani kwake, chini ya mwembe, limekaa gari aina ya Land Rover la miaka ya 1960. Gari hilo lilipita barabara za Tarime na Mugumu miaka mingi, kisha likasimama, likaota kutu. Mwalimu ameazimia kulifufua yeye mwenyewe, nyumbani, kidogo kidogo, kwa kadiri pensheni inavyomruhusu. Alimpa mpwa wake, aliyekuwa akisafiri kwenda Mwanza, orodha fupi: seti moja ya spana, bisibisi mbili, koleo, nyundo na jeki.

Kijana akarudi na seti nzuri ya kung'aa, tangu namba 8 hadi 24. "Mjomba," alisema, "zote zimo, hakuna iliyorukwa." Mwalimu akaijaribu namba 13 kwenye nati, ikaingia, ila ililegea kidogo. Alipokaza mkono, spana iliteleza, pembe za nati zikalika, na nati ikawa duara. Fundi wa jirani akamweleza kwamba gari lile ni la inchi, si la milimita. Mwalimu akaandika tena: soketi ya nusu. Safari hii kijana akaleta kasha zima, na juu ya kifuniko imeandikwa 1/2. Walipolifungua, soketi zote zilikuwa za milimita. Nusu inchi ilikuwa ni kipimo cha mraba unaochomekwa mpini, wala si cha nati. "Mjomba, nusu si hiyo hapo imeandikwa?" aliuliza kijana, na kwa hakika hakukosea. Mwalimu naye hakukosea. Muuza duka vilevile hakukosea. Aliyekosea ni neno.

Tabaka za maneno

Ili tuelewe tatizo hili limetoka wapi, hatuna budi kuitazama historia. Majina ya zana katika Kiswahili yamepangana kwa tabaka, na kila tabaka ni ushahidi wa kazi iliyokuwa ikifanywa wakati wake.

Tabaka la chini kabisa ni la mhunzi na seremala. Hapo tunakuta nyundo, koleo, tupa na fuawe, maneno yaliyokuwapo kabla motokaa ya kwanza haijateremshwa pwani. Neno lenye kupendeza zaidi katika tabaka hili ni msasa. Asili yake ni jina la mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kusugulia mbao hata zikawa laini. Karatasi ya kusugulia ilipokuja, watu hawakutafuta jina jipya; walilihamisha lile la jani. Leo anayesugua kutu juu ya bodi ya gari hutumia msasa, wala hakumbuki mti. Huo ni mfano bora wa lugha kujitosheleza kwa mali yake yenyewe.

Tabaka la pili limetoka ng'ambo ya bahari, kwa njia ya biashara. Parafujo na bomba ni maneno ya Kireno. Lehemu ni ya Kiarabu. Karakana asili yake ni Kiajemi, na gari ni la Kihindi. Maneno haya yamekaa nasi hata hakuna ayaonaye kuwa wageni, nayo huchukua viambishi na minyambuliko yetu bila kusita: twasema kulehemu, kulehemiwa, mlehemu.

Tabaka la tatu lilikuja na reli na gari la injini. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901, na katika muda huo zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Reli ya kati nayo iliunganishwa na Mwanza mwaka 1928. Nchi ya Tarime imekaa kati ya vituo hivyo viwili vya ziwani, na maneno ya karakana yaliifikia kutoka pande zote mbili. Hapo ndipo walipoingia spana, nati, bolti, jeki, springi, breki, gia, plagi na beringi, wote kutoka Kiingereza, wote wamevikwa irabu zetu.

Wako wanaoona haya kwa sababu ya tabaka hili la tatu, wakidai kwamba Kiswahili kimeomba mno. Tungependa kuwakumbusha kwamba hata Waingereza neno lao walilolitoa kwetu likawa spana walilitwaa kwa Wajerumani katika karne ya 17, na wakati huo lilikuwa jina la chombo cha kukazia springi ya bunduki. Neno lilihama kutoka bunduki hadi nati, kutoka Kijerumani hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Kukopa si aibu. Aibu ni kukopa jina na kuacha kipimo kilichofuatana nalo.

Tatizo la namba

Kipimo ndicho kiini cha mkasa wa Bomani. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, mhandisi wa Kiingereza, alipendekeza kwamba nyuzi za bolti zote nchini mwake zifuate kanuni moja. Namba iliyochorwa juu ya spana za mfumo wake haionyeshi upana wa mdomo wa spana, bali unene wa bolti. Kwa hiyo spana yenye alama 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi, ambao ni zaidi ya maradufu ya robo inchi. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya mfumo mmoja wa nyuzi, na katika spana za mfumo huo namba huonyesha upana wa kichwa cha nati, yaani kutoka ubavu bapa hadi ubavu unaoukabili. Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka huohuo wa 1948 zikiwa na nyuzi za kale, kisha zikahamia mfumo mpya hatua kwa hatua. Basi gari moja la miaka ya 1960 laweza kuwa na nati za mifumo miwili.

Baadaye yakaja magari ya Kijapani, ambayo vipimo vyake ni vya milimita. Hata hapo maafikiano hayakukamilika: bolti yenye unene wa milimita 8 kwa desturi ya Wajerumani hufunguliwa kwa spana 13, na kwa desturi ya Wajapani kwa spana 12. Ile ya milimita 10 hudai 17 kwa Wajerumani na 14 kwa Wajapani.

Sasa tutazame hesabu iliyomponza mwalimu wetu. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana 13 huizidi kwa sehemu 3 za kumi za milimita, kiasi ambacho jicho halikioni lakini nati iliyoshikwa na kutu hukiona. Spana 12 haiingii kabisa. Inchi 9/16 ni milimita 14.29: spana 14 hukataa kuingia, na 15 hulegea. Kwa upande mwingine, 3/4 ni milimita 19.05, na spana 19 huweza kuikubali ikiwa haikubana mno. Ndiyo maana mafundi wengine husema milimita na inchi "ni zilezile tu". Wamejaribu pale zinapokutana, wakasahau pale zinapoachana.

Jina moja linapobeba vitu viwili

Soketi ya nusu si neno la pekee lenye kasoro hiyo. Twasema bisibisi ya nyota, tukimaanisha ile yenye ncha ya msalaba. Lakini msalaba aliouwekea hataza Mmarekani Henry F. Phillips katika miaka ya 1930 haulingani sawasawa na ule uliozoeleka katika skrubu za magari na pikipiki za Kijapani. Bisibisi ya kwanza ikitiwa katika skrubu ya pili huruka na kuila. Mnunuzi husema skrubu ni mbovu, kumbe alinunua nyota isiyo yake.

Jeki nayo yataka tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa hapa jambo si fedha, ni uhai. Lugha yetu imelipenda neno hili hata ikalifanya methali ya msaada: kumpiga mtu jeki ni kumwinua katika shida. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba jeki huinua na pia hushikilia. Sivyo. Jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya kitu kingine, ambacho mafundi hukiita stendi. Palipo na neno moja tu katika orodha, kitanunuliwa kitu kimoja tu, na mtu ataingia chini ya gari lililosimamia jeki peke yake. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika vitabu vya ufundi maneno haya mawili yaandikwe pamoja daima.

Liko pia jambo la adabu. Spana ambayo mdomo wake hupanuliwa na kufinywa kwa skrubu huitwa na mafundi spana malaya, kwa maelezo kwamba haichagui nati. Jina hilo limeenea mno, nalo lina mantiki yake, lakini ni vigumu kuliandika katika kitabu cha darasani. Tukiwa Tarime tulijaribu kupendekeza spana tanuzi. Mafundi walicheka. Mmoja wao alisema, "Ndugu zangu, jina hilo litashika siku spana zitakapouzwa duka la vitabu." Tulicheka pamoja naye, lakini tuliliandika neno lake, kwa sababu lina ukweli. Istilahi haiamriwi; huombewa nafasi. Twaona yafaa kamusi iyaandike majina yote mawili, la kwanza likiwa na alama ya lugha ya mitaani, kisha watumiaji waamue. Mnunuzi naye na ajue kwamba zana hiyo, kwa jina lolote, ni ya dharura tu. Mdomo wake hulegea, na nati ya kutu haisamehi ulegevu.

Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaona, tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, maneno yaliyokwisha kushika, kama vile spana, nati, soketi na jeki, yaachwe kama yalivyo. Kuyang'oa ni kupoteza nguvu bure. Pili, tuyaongezee maneno ya kuyapambanua, na tuyatoe katika hazina ya kawaida. Kwa upana wa sehemu inayoshika nati tunapendekeza mdomo. Kwa tundu la mraba linalopokea mpini wa soketi tunapendekeza mraba. Hivyo tutasema soketi ya mdomo wa nusu inchi, na tutasema soketi ya mraba wa nusu inchi, na hakuna atakayezichanganya. Tatu, namba isitajwe kamwe bila kipimo chake. "Spana kumi na tatu" na iwe "spana ya milimita kumi na tatu", na "nusu" na iwe "nusu inchi".

Kwa msomaji anayekusudia kufufua gari kuukuu nyumbani, mapendekezo haya yana maana ya moja kwa moja. Kabla ya kununua chochote, na ajue gari lake ni la mfumo gani. Na apime nati kadhaa kwa rula au kalipa, maana wenye gari wa zamani huenda walitia nati za mfumo mwingine. Na anunue midomo michache ambayo gari linaihitaji, badala ya seti kubwa ambayo nusu yake haitatoka katika kasha. Kwa nati zilizoshikwa na kutu, spana ya duara inayoshika pembe zote sita ni bora kuliko ile ya mdomo wazi inayobana mbavu mbili tu. Na jeki isinunuliwe bila stendi zake.

Kabla hatujaondoka Bomani, mwalimu aliandika orodha ya tatu, nasi tukiwa tumeketi karibu naye. Safari hii aliandika: spana za duara, mdomo wa inchi, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4, moja moja. Mpwa wake aliisoma mara mbili, akasema, "Hii, mjomba, hata mimi naielewa." Spana tano zikapatikana. Nati ile iliyolika ilibidi ikatwe kwa tindo, na gharama yake haikurudi. Lakini zilizofuata zilifunguka zikiwa na pembe zake zote sita. Kwetu sisi tunaofanya kazi ya istilahi, orodha ile ya mistari miwili ina thamani kubwa, kwa kuwa ilipimwa mahali ambapo maneno yetu yote yangepaswa kupimwa: mikononi mwa mtu mwenye kazi ya kufanya.