Kungfu, wushu na sarakasi: mapigano ya Kichina na njia zilizoyafikisha Bagamoyo

Bagamoyo na China zikitajwa pamoja siku hizi, wengi hukumbuka bandari ya Mbegani, mradi ambao makubaliano yake yalitiwa saini mwaka 2013 na kisha ukakwama kwa miaka. Wapenda mambo ya kale watataja Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ambako vyombo vya kauri kutoka China vimepatikana katika magofu. Ila upo urithi mwingine wa China ambao hauko ardhini wala kwenye makaratasi. Uko kwenye viungo vya vijana wanaobinuka hewani ufukweni jioni, maji yakiwa yamekupwa.

Ukimuuliza kijana wa namna hiyo anafanya nini, atakujibu "sarakasi", au "kungfu", au "karate", na pengine atataja yote matatu kwa pumzi moja. Hayo ni mambo matatu tofauti, ingawa yana undugu. Katika makala hii tunaeleza mapigano ya Kichina ni nini, mitindo yake mikuu ni ipi, na kila tawi lilifikaje kwenye pwani yetu.

Tuanze na majina. Kungfu, au gongfu kwa matamshi ya Kichina sanifu, maana yake ya asili si kupigana. Ni ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na jasho jingi, kwa hiyo hata mpishi au seremala aliyebobea huweza kusemwa kuwa ana gongfu. Neno rasmi la mapigano nchini China ni wushu: wu ni mambo ya vita, shu ni ufundi. Mwaka 1928 serikali iliyokuwa Nanjing ilifungua taasisi kuu ya mapigano na kuyaita guoshu, yaani sanaa ya taifa, lakini jina hilo halikudumu huko bara. Nje ya China sinema zilishinda, na kungfu likawa jina la kila kitu.

Hekalu la Shaolin, lililoko mlima Song katika jimbo la Henan, lilijengwa mwaka 495. Walimu wengi husimulia kwamba mtawa kutoka India, Bodhidharma, ndiye aliyewafundisha watawa wa hapo kupigana. Ni hadithi tamu, lakini kitabu kinachotegemewa kuithibitisha kiliandikwa karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na mwanahistoria Tang Hao alikwisha kuionyesha kasoro hiyo katika miaka ya 1930. Kilicho na ushahidi ni kingine: mwaka 621 watawa wa Shaolin walimsaidia vitani Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa nasaba ya Tang, na jiwe lililochongwa mwaka 728 bado linaeleza habari hiyo. Mapigano yalikuwapo China kabla ya Shaolin na nje ya Shaolin, jeshini na vijijini.

Mitindo ni mamia. Wachina wenyewe wana msemo wa kuigawa: ngumi za kusini, mateke ya kaskazini. Mitindo ya kaskazini, kama changquan au "ngumi ndefu", hunyoosha mikono na miguu, huruka, hupiga mateke ya juu na kusafiri mbali uwanjani. Ile ya kusini, hasa ya Guangdong na Fujian, husimama imara, miguu imekita chini, na kazi kubwa hufanywa na mikono karibu na mwili wa adui. Huko kusini ndiko ulikotoka Hung Gar, na ndiko ulikotoka Wing Chun, mtindo wa mapigo mafupi ya haraka uliofundishwa Hong Kong na Ip Man, mzaliwa wa Foshan aliyefariki mwaka 1972. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Bruce Lee. Msemo huo tuuchukue kama dira tu, maana kaskazini pia kuna mitindo ya karibu, na kusini mateke yapo.

Baadhi ya mitindo huiga wanyama: tumbili, korongo mweupe, hata vunjajungu, yule mdudu anayekunja mikono kama anayeswali. Mpiganaji hajigeuzi mnyama. Anachochukua ni namna ya kunasa, kukwepa au kusimama kwa mguu mmoja.

Kuna pia mitindo inayoitwa ya ndani, yaani xingyi, bagua na taijiquan, ambayo huweka mkazo kwenye pumzi, utulivu na kutumia nguvu ya adui dhidi yake. Taijiquan inayojulikana leo hufuatiliwa hadi kijiji cha Chenjiagou, Henan, kwa ukoo wa Chen katika karne ya 17, na Yang Luchan ndiye aliyeipeleka Beijing katika karne ya 19. Mwaka 1956 idara ya michezo ya China iliifupisha kuwa hatua 24 ili watu wote waweze kuifanya, na hiyo ndiyo unayoona wazee wakiifanya polepole bustanini. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2020. Anayedhani ni mazoezi ya wazee tu aombe aonyeshwe hatua moja kwa kasi yake ya kweli: ndani yake mna ngumi, mtego wa mguu na kuvunja kiwiko.

Silaha nazo zina mafunzo yake. Nne husomwa zaidi: fimbo ndefu, mkuki, kitara chenye makali upande mmoja, na upanga wa makali pande mbili, tuseme sime iliyorefushwa. Mtu wa pwani aliyeona kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, hatapata tabu kuelewa kwa nini mwalimu wa Kichina huanza na fimbo.

Mgawanyo ulio muhimu zaidi kwa anayetaka kujifunza, na usioelezwa vya kutosha, ni huu: wushu ya mashindano ina sehemu mbili. Taolu ni mfululizo wa mapigo na miruko anaofanya mtu peke yake mbele ya waamuzi, naye hupewa alama kwa usahihi na uzuri. Sanda ni kupigana kweli na mtu, kwa ngumi, mateke na kuangushana, mikono imevaa glovu. Bingwa wa taolu anaweza kuwa hajapigwa ngumi hata moja maishani mwake. Hilo si aibu, lakini mzazi anayempeleka mtoto ili ajue kujihami anapaswa kujua analipia sehemu ipi.

Turudi sasa pwani. Njia ya kwanza ilikuwa sinema. Katika miaka ya 1970 filamu za Hong Kong zilijaza kumbi za Dar es Salaam, na Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973, akawa steringi wa kizazi kizima. Baadaye zikaja kanda za video, kisha vibanda umiza, na sauti ya wakalimani kama Lufufu iliyowafanya Wachina wazungumze Kiswahili cha uswahilini. Watu waliiga walichokiona, na walichokiona kilitengenezwa kwa ajili ya kamera. Jackie Chan hakulelewa hekaluni. Alisoma utotoni kwa karibu miaka kumi katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, ambako mapigano, kuimba na kubinuka hewani vilikuwa somo moja.

Hapo ndipo njia ya pili inapoingia, nayo ndiyo inayoihusu Bagamoyo hasa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, kazi ya kufundisha ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Sarakasi ya Kichina si wushu, kwa kuwa haina adui. Lakini maandalizi ya mwili yanafanana mno: kupasua msamba, kusimama kwa mikono, kukaa mkao wa mpanda farasi hadi mapaja yatetemeke. Kwa maoni yetu, kijana wa Bagamoyo anayejifunza sarakasi yuko karibu zaidi na alichosomea Jackie Chan kuliko yule anayerusha mateke mbele ya runinga.

Katika mapigano ya Kichina mwanafunzi hufundishwa kutaja nasaba: mwalimu wangu ni fulani, aliyefundishwa na fulani. Sarakasi ya pwani nayo ina nasaba ya namna hiyo, inayorudi hadi kwa vijana wale wa miaka ya 1960, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa. Waliobaki kati yao sasa ni wazee.

Njia ya tatu ilizunguka dunia. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha karate ya Goju-ryu jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na dojo ya Zanaki ikawa chimbuko la walimu wengi. Goju-ryu ni ya Okinawa, Japani. Lakini mzizi wake uko Fuzhou, mji wa Fujian, alikokwenda kusoma Kanryo Higaonna katika karne ya 19. Neno karate lenyewe liliwahi kuandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China" kabla ya Wajapani kuibadili kuwa "mkono mtupu". Kwa hiyo anayeiita karate "ya Kichina" amekosea, ingawa hajapotea sana.

Anayetafuta mwalimu kati ya Kunduchi na Bagamoyo aulize mambo machache kabla ya kutoa ada. Mtindo huu unaitwaje, na uliufundishwa na nani? Wanafunzi hupigana, au hufanya mfululizo wa mapigo tu? Wakipigana, wana kinga ya meno na glovu? Wanaojifunza kubinuka wanashikwa na nani kiunoni wiki za mwanzo? Mchanga wa pwani ni laini kwa miguu, ila ulioloa na kukazwa na maji hausamehe shingo.

Kwa vijana wanaopenda taolu, wushu imeingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026. Itakuwa pia mara ya kwanza michezo hiyo kufanyika Afrika.