Machozi ya Mtoto wa Bingwa

Mwaka 1931, Marekani ilipokuwa imeshikwa na dhiki kuu ya uchumi na wanaume wengi wakirudi kwao jioni mikono mitupu, kampuni ya MGM ilitoa senema ya The Champ, yaani Bingwa. Kisa chake kilitungwa na Frances Marion, na mwongozaji alikuwa King Vidor. Andy Purcell, aliyepata kuwa bingwa wa ngumi, anaishi Tijuana, mji wa mpakani mwa Meksiko, akizama katika ulevi na kamari. Anaye mwana mmoja, Dink. Baba akilewa, mwana ndiye amvuaye nguo na kumlaza. Farasi ambaye mtoto amepewa na babaye anapotea mezani pa kamari. Mwisho bingwa anarudi ulingoni, anashinda, kisha moyo wake unakoma, na mtoto anabaki akimlilia.

Aghalabu wahakiki huzidharau senema za namna hii, wakisema kuwa huzuni yake ni ya bei rahisi. Huenda ni kweli kwa aliyenunua tiketi. Walakini machozi yale yalikuwa na mlipaji mwingine.

Jackie Cooper, aliyeigiza Dink, alikuwa na umri wa miaka tisa. Mapema mwaka ule ule alikuwa ameonekana katika Skippy, senema iliyoongozwa na Norman Taurog, mume wa dada ya mamaye. Mtoto aliposhindwa kulia, alitishwa kuwa mbwa wake atapigwa risasi. Alilia. Taurog alipewa tuzo ya mwongozaji bora kwa kazi hiyo. Mtoto alitajwa miongoni mwa wagombea wa tuzo ya mwigizaji bora, asiipate.

Kwa hiyo alipofika mbele ya Vidor, Cooper alikwisha kujulikana kuwa mtoto ajuaye kulia. Wallace Beery, aliyeigiza baba, alimkumbatia katika picha kwa mapenzi ambayo watazamaji hawakuyatilia shaka, na mwaka 1932 alituzwa pamoja na Fredric March. March alimzidi kwa kura moja tu, na kanuni za wakati ule zilihesabu tofauti ndogo kama hiyo kuwa sare. Cooper alikuja kueleza kwamba nje ya kamera hakuona upendo wowote kwa Beery.

Mwaka 1979 Franco Zeffirelli alikitengeneza kisa hicho upya, Jon Voight akiwa baba na Ricky Schroder akiwa mwana. Kifo cha bingwa katika senema hiyo ya pili kiliingia hata katika maabara: mwaka 1995 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walikiorodhesha miongoni mwa vipande vya senema vifaavyo kuamsha huzuni kwa watu wanaochunguzwa.

Cooper mwenyewe alikua, akawa mwongozaji wa michezo ya televisheni, akapata tuzo. Alipoandika habari za maisha yake, mwaka 1981, karibu na umri wa miaka sitini, hakukipa kitabu jina la bingwa. Alikiita Please Don't Shoot My Dog, yaani, tafadhali msimpige risasi mbwa wangu.