Historia ya makazi na uhamiaji katika mafundisho ya watoto, Katavi

Historia ya makazi na uhamiaji mkoani Katavi ni mafundisho ambayo watoto wa magharibi mwa Tanzania huyapata darasani, na zaidi nyumbani, kuhusu watu waliofyeka msitu, wakajenga vijiji, wakachimba madini na kuswaga ng'ombe hadi nchi iliyo kati ya Mto Ugalla, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikakuta 1,152,958. Watu wameongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi, na uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko la namna hiyo. Mwalimu wa Mpanda anaposimulia habari za walowezi, basi, anasimulia habari za babu na bibi wa wanafunzi walioketi mbele yake, na mara nyingine za wanafunzi wenyewe.

Nchi iliyokuwa na wenyewe

Kosa linaloingia kirahisi zaidi katika somo hili ni kuanza na pori tupu. Kabla ya wageni wote watakaotajwa hapa chini, Wabende walikaa ukanda wa ziwa na vilima vyake, Wapimbwe walishika bonde la Rukwa kuzunguka Mpimbwe, Wakonongo walikuwa pande za Inyonga, na Watongwe upande wa kaskazini kuelekea milima ya Mahale. Walilima, walivua, walirina asali kwa mizinga ya magome, na walikuwa na watemi wao. Jina la mkoa linatokana na Katavi, mzimu unaohusishwa na ziwa la jina hilo, na matambiko yake ni ya zamani kuliko ramani yoyote ya Mzungu.

Nchi hiyo ilipunguzwa watu hatua kwa hatua. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliikata, na vita vya Mirambo wa Unyamwezi vikatikisa njia zake; Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alizunguka kupitia Ukonongo ili kuvikwepa vita hivyo. Baadaye ukaja ugonjwa wa malale. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu katika vitongoji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi machache, ili wafyeke vichaka na kuwa mbali na mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Uhai wa watu wengi uliokolewa. Lakini mashamba yaliyoachwa yaligeuka vichaka, mbung'o wakazidi humo, na wanyamapori wakarithi mahame. Sehemu ya nchi hiyo ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1974 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopanuliwa mwaka 1998 hadi kuzidi kilomita za mraba 4,400.

Mtoto anayepita hifadhini kwa basi kutoka Sitalike kwenda Kibaoni huona miombo, viboko na nyati, akaamini kuwa hapo hapajawahi kukaa mtu. Hakuna aliyemdanganya, macho yake ndiyo yaliyomwambia hivyo. Ndiyo maana somo la kwanza kabisa, hata kabla ya kumtaja mlowezi mmoja, linapaswa kuwa hili: utupu wa nchi hii una tarehe na una sababu.

Waliokuja

Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold II walijenga kituo hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia wamisionari wa White Fathers. Kati ya wote walioishi Karema, anayefaa zaidi kusimuliwa kwa watoto ni Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa utumwani angali mdogo, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa mwambao huo kwa zaidi ya nusu karne hadi alipofariki mwaka 1956. Vitabu vingi humwonyesha mlowezi kama mtu mwenye bunduki na hati ya ardhi. Maisha ya Atiman humwonyesha mtoto kuwa mtu anaweza kuja kutoka mbali sana, bila kumnyang'anya mtu kitu, akawa mwenyeji.

Mji wa Mpanda ni mtoto wa mgodi. Madini ya risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu, yalivutia kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili yake ilijengwa njia ya reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Wafanyakazi walikuja kutoka kila upande. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na mji ukabaki nayo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wangali wakichimba katika machimbo ya jirani, kama ya Ibindi, na watoto wengi wa mji huijua karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kabla hawajajua kusoma.

Baada ya uhuru serikali ndiyo iliyowahamisha watu wengi zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe tena, safari hii katika vijiji vya ujamaa, na wazee waliokwisha kuhamishwa utotoni kwa sababu ya malale walijikuta wakifungasha kwa mara ya pili. Katika miaka hiyo hiyo walikuja wakimbizi wa Burundi walionusurika mauaji ya mwaka 1972. Walipewa mapande ya msitu huko Katumba, na kuanzia mwaka 1978 huko Mishamo, wakaambiwa wafyeke. Katika miaka michache walikuwa wakilima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku kwa wingi wa kulisha na kuuza. Ukitafuta Tanzania nzima kisa kinachofanana na kile ambacho vitabu vya Marekani hukiita maisha ya waanzilishi, yaani familia, shoka, pori na kibanda cha kwanza kabla ya mvua, utakipata Katumba na Mishamo. Tofauti ni kwamba hawa hawakutoka kwao kutafuta utajiri. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, Tabora, walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Hadi leo watu huwaita raia wapya, ingawa wengi wao walizaliwa hapa.

Kundi kubwa la mwisho ni Wasukuma. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakishuka kutoka Shinyanga na Mwanza, ambako malisho yalikuwa yamebanana, wakija na ng'ombe, maksai, plau na mikokoteni. Walifungua mbuga nzito ambazo jembe la mkono lisingeziweza, na mpunga ukaongezeka sana katika bonde la Rukwa. Walileta pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo sasa huliwa hata na wasio Wasukuma. Pamoja na hayo ikaja migogoro: ng'ombe kuingia mashambani na hifadhini, miti kukatwa pale ambapo Mkonongo hutundika mizinga, ardhi ya Wapimbwe kubanwa.

Darasani

Katika shule za msingi mambo haya yalifundishwa kwa muda mrefu ndani ya Maarifa ya Jamii, somo lililounganisha historia na jiografia. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kitabu cha taifa hakiwezi kueleza habari za Inyonga au Mishamo kwa kina, na si haki kukidai hivyo. Kazi hiyo ni ya mwalimu na ya wazee wa kijiji.

Njia inayofaa zaidi ni kumtuma kila mtoto nyumbani na maswali machache: nani wa kwanza katika ukoo wetu kufika hapa, alitoka wapi, alikuja kwa nini, alimkuta nani, na alipewa ardhi na nani. Maswali mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu kila mlowezi alimkuta mtu, au alikuta hame la mtu. Majibu yakichorwa kwenye ramani moja ubaoni, darasa huona mishale ikitoka Burundi, Shinyanga, Tabora na Ufipa, na huona pia vitongoji vya zamani ambavyo watoto wa Kibende na Kipimbwe hutaja kwa majina ijapokuwa havipo tena.

Marekani imelijua kwa gharama tatizo hili la kuwasimulia walowezi bila kuwataja waliowakuta. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za magharibi kana kwamba hazikuwa na wenyewe, na vizazi vya watoto viliyapenda maisha hayo kupitia vitabu vya Laura Ingalls Wilder. Katika Little House on the Prairie cha mwaka 1935, nchi ya Wahindi Wekundu ilielezwa kuwa haina watu. Msomaji mmoja alilalamika, na maelezo hayo yakarekebishwa mwaka 1953. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto nchini humo kiliondoa jina la mwandishi huyo kwenye tuzo yake kubwa. Watoto wa Katavi hawana haja ya kupitia mzunguko huo wote, maana wenyeji na waliokuja hukaa dawati moja.

Kukaa pamoja huko kunadai uangalifu wa pekee. Mtoto wa Katumba asisimamishwe mbele ya wenzake aeleze mwaka 1972. Familia nyingine huyasimulia mambo hayo na nyingine huyafunga, na shule haina mamlaka ya kuyafungua. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wakimbizi wakiwa na historia yao kamili, waliyoisimulia na kuirithisha wenyewe. Mwalimu huanzia kwenye mambo yasiyouma: kibanda cha kwanza kilijengwa kwa miti gani, maji yalichotwa wapi, mbegu zilitoka kwa nani.

Mpimbwe nako, ambako mwanafunzi mmoja baba yake ana ng'ombe mia na mwenzake babu yake alifukuzwa hifadhini, somo halikwepi mgogoro. Darasa linaweza kupewa kisa cha ng'ombe walioingia shambani, kisha mtoto wa mfugaji atetee upande wa mkulima, na wa mkulima atetee wa mfugaji. Mwalimu hahitaji kutoa hukumu. Anahitaji kuhakikisha tu kwamba kila upande umetaja ulifika lini na ulimkuta nani.