Bembezi na Kilio cha Usiku: Nani Aliyeamka?

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu dhima ya bembezi naye atakujibu bila kusita: ni kumtuliza mtoto anyamaze au alale. Jibu hilo ni sahihi na alama atapata. Hata hivyo, linayaacha maswali mawili ambayo mhakiki hana budi kuyauliza. Mtoto huyo alikuwa akilia saa ngapi? Na mama yake alikuwa wapi?

Makala haya yanadai kwamba bembezi nyingi tunazofundisha ni nyimbo za mchana. Ni nyimbo za mlezi aliyeachiwa mtoto. Usiku, katika jamii zetu nyingi, kilio kilijibiwa kwa kunyonyeshwa kabla ya kujibiwa kwa wimbo.

Tuanze na matini yenyewe. Katika bembezi za jamii nyingi za Kenya, mtoto huambiwa kwamba mama ameenda shambani, mtoni au sokoni, na kwamba atarudi na kitu. Huahidiwa chakula, na pengine hutishwa kwa mnyama mkali. Nafsineni, basi, aghalabu si mama. Ni dada mkubwa ambaye naye bado ni mtoto, au ni nyanya aliyebaki nyumbani. Ikiwa mama hayupo, tunaweza kukisia kuwa ni mchana, kwa maana usiku mama yupo na mtoto yuko ubavuni pake.

Sasa tutazame Ukambani. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui (1931–2019), anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtoto wa Kikamba alipewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Siku ya nne baba alimvika mkufu wa chuma. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa kuwa bado ni wa aimu, yaani mizimu, na akiitwa kiimu. Kwa maoni yangu, imani hii inatusaidia kuuelewa usiku wa siku zile za kwanza. Aliyelia alikuwa mgeni ambaye bado hajathibitishwa kuwa ni wa watu. Ilikuwa vigumu kwa jamii yenye mtazamo huo kumwona kama mtu wa kuachwa peke yake ajizoeze.

Ukambani haukuwa peke yake katika jambo hili. Robert LeVine na wenzake, waliotafiti malezi ya Abagusii na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, waliona kuwa mama wa Kigusii aliharakisha kumgusa na kumnyonyesha mtoto aliaye, lakini alizungumza naye kwa uchache. Akina mama hao walipoonyeshwa filamu za wenzao wa Marekani, walisikitishwa na jinsi mtoto alivyocheleweshwa. Huko Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis, Charles Super na Sara Harkness walichunguza usingizi wa watoto katika miaka ya 1970. Watoto wa Marekani waliweza kulala takriban saa 8 mfululizo walipofika miezi 4. Wale wa Kokwet, waliolala na mama zao, waliendelea kuamka na kunyonya, wala hakuna aliyeona kuwa hilo ni tatizo.

Kwingineko historia ilifuata njia nyingine. Daktari Luther Emmett Holt wa New York, katika kitabu cha malezi kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1894, aliwafunza akina mama kwamba mtoto anayelia kwa mazoea tu aachwe alie mpaka anyamaze. Mwaka uliofuata, 1895, wamishenari wa Africa Inland Mission waliotoka nchi hiyohiyo walifungua kituo chao cha kwanza nchini Kenya pale Nzaui, jirani ya Kalamba. Sisemi kwamba walikibeba kitabu hicho mizigoni. Nasema tu kwamba katika kipindi kimoja, pande mbili za dunia zilikuwa na majibu tofauti kwa kilio kimoja. Baadaye Truby King, aliyeanzisha chama cha Plunket huko New Zealand mwaka 1907, alihimiza mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa 4, na usiku asinyonyeshwe kabisa.

Tofauti hii inaonekana pia katika fasihi. Wimbo maarufu wa kubembeleza wa Johannes Brahms, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1868, huanza kwa salamu za jioni na kumtakia mtoto usiku mwema. Huo ni wimbo wa kuagana: mtoto anawekwa kitandani pake, na mzazi ataondoka. Bembezi yetu ya mlezi ni wimbo wa kungoja: mtoto yuko mgongoni ndani ya mbeleko, na mzazi atarudi. Zote mbili humtuliza mtoto. Lakini mwanafunzi akizilinganisha kwa dhima pekee, hataona kwamba moja inamwandaa mtoto kutengana na mama na nyingine inamfariji kwa kuwa wametengana tayari.

Ifahamike kwamba lengo hapa si kuwahukumu wazungu. King alifanya kazi yake akiwa na nia ya kupunguza vifo vya watoto wachanga. Tena utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, ulioanza na watoto 326, haukupata madhara ya kudumu miaka 5 baada ya wazazi kufunzwa kuchelewa kidogo kuitikia kilio cha usiku. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mwongozo wao wa hospitali wa mwaka 1989, walisisitiza mama na mtoto wakae pamoja saa 24 na mtoto anyonyeshwe kila anapotaka. Nyanya wa Kalamba hangeona jipya katika agizo hilo.

Kwa nini basi mwalimu wa fasihi ajishughulishe na haya? Kwa sababu darasani mwetu kilio hiki si cha kale. Tangu mwaka 1994 sera ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa mwaka 2020 uliitilia sera hiyo nguvu. Katika shule ya kutwa, huenda msichana aliyeketi nyuma akisinzia aliamka mara tatu usiku, na sasa nyanya anamwimbia mtoto wake kuwa mama ameenda shule, atarudi. Huo ni ubunifu mpya katika utanzu tunaouita wa jadi, na anayeimbwa ndani yake yuko mbele yako. Tukimfundisha kwamba bembezi ni mabaki ya zamani, tunamnyima nafasi ya kujitambua katika fasihi. Wala tusimlazimishe ajitaje. Yatosha somo liwe na nafasi yake.

Napendekeza, mwalimu mwenzangu, kazi ya nyanjani. Wanafunzi wakusanye bembezi vijijini mwao, na kwa kila wimbo waandike mambo manne: nani anaimba, saa ngapi, mama yuko wapi, na baba anatajwa vipi, kama anatajwa. Waulize pia ni nini hufanywa mtoto akilia usiku wa manane. Wakirudi na jibu kwamba usiku hakuna wimbo, wasilione kuwa ni pengo katika utafiti wao. Waliandike kama walivyolipata, kisha wajadili kwa nini.