Makaburi ya Njia ya Misafara

Kufa ni faradhi, na juu ya jambo hilo binadamu hawana ubishi. Ubishi huanza baadaye: maiti azikwe wapi, aombolezwe vipi, na vitu alivyoviacha viwe mikononi mwa nani. Wako wanaotaka kaburi lijengwe na liandikwe jina. Wako pia wanaoona kwamba udongo ukishatulia na nyasi zikaota, marehemu amepumzika, wala haifai kumwita tena. Katika makala haya tumekusudia kuitazama tofauti hiyo kwa kuifuata njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hata ikafika Ujiji.

Sisi tuliolelewa upande wa Choma, katika mkoa wa Tabora, tuliwakuta wazee wakizikwa nyumbani, karibu na zizi la ng'ombe. Aghalabu makaburi yao hayakuwa na maandishi. Kumbukumbu ya marehemu ilikuwa ni jina lake, ambalo alipewa mjukuu, pamoja na tambiko lililofanywa wakati wa shida. Waislamu waliofanya maskani Tabora walikuja na desturi ya kuharakisha maziko, maiti akavikwa sanda tu, awe tajiri au maskini. Wakristo wakaleta msalaba na jina lililochongwa. Desturi hizo zilikutana katika njia moja, na mwaka 1873 zilikabiliana juu ya maiti mmoja.

Maiti huyo alikuwa David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1868 alikuwa amepita msituni akaliona kaburi la mtu asiyemjua, naye akaandika katika shajara yake kwamba angependa kulazwa katika kaburi la namna hiyo, mahali pa kimya, pasipo mkono wa kuisumbua mifupa yake. Lakini wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua vingine. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, alisoma sala, kisha akachonga maandishi katika mti ule. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Chitambo naye aliongoza maombolezo kwa mila ya watu wake. Vitu vya marehemu viliandikwa katika orodha, kisha vikafungwa, visipotee hata kimoja.

Safari ya kwenda pwani ilichukua muda wa miezi tisa hivi. Katika siku zake za mwanzo maradhi yaliwaua wanawake wawili wa msafara. Habari zilizoandikwa zinawataja kwa majina ya waume zao tu. Majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Mnamo Oktoba 1873 msafara ulifika Unyanyembe, karibu na Tabora, ukamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri maiti azikwe hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Tena alifungua masanduku akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia, ili avitumie katika safari yake mwenyewe. Hatuwezi kusema kwamba hakuwa na hoja: hai ana mahitaji, na maiti hana. Lakini wale wapagazi hawakuridhika. Kwao maiti na vitu vyake vilikuwa amana moja, na amana haigawanywi njiani. Walikataa kumzika, wakaendelea.

Mashariki ya Tabora, mahali paitwapo Kasekera, walipata habari kwamba wenyeji wa mbele hawataki maiti apitishwe katika nchi yao. Hofu hiyo nayo si ya kudharauliwa, maana kwa watu wengi mauti ya mgeni ni mkosi unaoweza kuiangukia nchi. Basi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, na watu sita wakayabeba kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku wakayatawanya porini, wakarejea kwa siri. Maiti mwenyewe alikuwa amefungwa upya kama robota la nguo, akapita bila kutambuliwa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster, London, baada ya kutambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa zamani na simba.

Je, nani alimtendea haki marehemu? Mwenyewe alitamani msitu. Akapewa kanisa la wafalme. Sisi tunaona kwamba wale wapagazi walimheshimu kadiri walivyoelewa heshima, yaani kumrudisha mtu kwa jamaa zake pamoja na vyote vilivyokuwa vyake. Hata hivyo heshima yao kwa mwenzao inatudai sisi deni. Pale Kwihara, karibu na Tabora, alizikwa John Shaw, Mwingereza aliyefuatana na Stanley mwaka 1871, na jina lake linajulikana. Jacob Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892, na ni wangapi kati yetu waliomsikia? Wapagazi wa Kinyamwezi waliofia njiani, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, hawahesabiki.

Hatusemi kila kaburi lijengwe kwa saruji. Anayependa ukimya wa nyasi asilazimishwe jiwe, na anayependa jiwe asichekwe. Lakini ukimya wa mtu aliyeuchagua mwenyewe ni pumziko. Ukimya wa mtu aliyesahauliwa ni dhuluma. Mwalimu na awatume wanafunzi wake kwa wazee, waulize ni nani katika ukoo aliyekwenda pwani asirudi, nao waandike jina hilo daftarini. Kaburi lake hatutaliona tena, lakini jina lake likiandikwa, amana yake itakuwa imefika.