KANZU KATIKA BUGANDA: VAZI LA DINI LILILOGEUKA VAZI LA NCHI



Wazee wa jumuiya yetu wameniomba niandike habari moja ya kale kwa ajili ya kijitabu hiki cha ukumbusho, nami nimechagua habari ya kanzu. Huenda wako watakaosema kwamba mavazi ni jambo dogo, la mafundi cherehani na vijana wapendao kujipamba. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona ya kuwa Uislamu ulipoingia katika nchi hii, watu waliiona nguo yake kabla ya kuyafahamu maneno yake.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Baganda hawakuwa watu wa kwenda uchi. Walikuwa na vazi lao la lubugo, litokanalo na gome la mti uitwao mutuba. Gome huambuliwa, likapigwa kwa nyundo za mti mpaka likawa pana na laini, kisha huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe haufi. Hufungwa majani ya mgomba, nao huota gome jingine. Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, aliandika kwamba mtu aliyesimama mbele ya mfalme na mguu wake ukaonekana alipata adhabu kali. Kwa hiyo tunapohubiri habari ya sitara, tusijisifu kwamba tuliwafundisha watu hawa jambo wasilolijua.

Wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili walifika katika jumba la Kabaka Suuna mwaka 1844, na mashuhuri miongoni mwao ni Ahmed bin Ibrahim. Walileta bunduki, shanga na nguo, hasa merikani. Nguo hizo zilichukuliwa vichwani na wapagazi kutoka pwani, zikapita Tabora na Karagwe, safari ya miezi mingi. Basi hazikuwa nyingi, na zilizofika zilikuwa mikononi mwa Kabaka, naye humpa amtakaye. Mtu aliyeonekana amevaa nguo nyeupe alijulikana mara moja kwamba mfalme amemtazama kwa jicho jema.

Mutesa alipotawala aliupenda ustaarabu ule kuliko baba yake. Tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani, akaendelea hivyo kwa miaka ipatayo kumi. Alijifunza Kiarabu, akaamuru watu wake wajifunze kusali. Stanley alimkuta mwaka 1875 amevaa tarbushi, joho jeusi na vazi jeupe lililofungwa mshipi wa dhahabu. Wakuu wakamfuata mfalme, na watumishi wa jumba wakawafuata wakuu. Je, wote waliovaa waliamini? Haiwezekani. Wengi walivaa kwa sababu mfalme amevaa, na mtu wa jumbani hutazama kwanza bwana wake ameamkaje.

Tofauti ilidhihirika mwaka 1876. Vijana wa jumba la Mutesa, waliokwisha kuishika dini barabara, walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, wakakataa pia kusali nyuma ya mfalme kwa kuwa hakutahiriwa. Vijana wapatao 70 waliuawa huko Namugongo. Kila mwaka nchi nzima huwakumbuka mashahidi wa Kikristo waliochomwa mahali hapo mwaka 1886, nayo ni haki yao. Lakini watoto wetu wengi hawajui kwamba mashahidi wetu waliwatangulia kwa miaka kumi. Katika jumba lile, mfalme aliyetoa amri na vijana waliouawa walikuwa wamejifunza kuvaa kutoka kwa wageni wale wale.

Baadaye zikaja vita za dini. Mwezi wa Oktoba 1888 Waislamu waliushika utawala, wakamweka Kalema. Lakini mapema mwaka 1890 walikuwa wamekwisha kushindwa, na Wakristo wakagawana vyeo. Mtu angedhani kwamba hapo kanzu ingetupwa pamoja na wenyewe. Haikuwa hivyo. Katikiro Apolo Kagwa, mkuu wa Waprotestanti, aliyepigana nasi kwa bunduki, alikwenda London mwaka 1902 kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba, na vazi lake la heshima lilikuwa kanzu.

Sababu nazifahamu kuwa mbili. Ya kwanza, kanzu ilikuwa imekwisha kuwa alama ya jumba la Kabaka, na Muganda hatupi kilichopata heshima ya jumba. Ya pili ni fedha. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na nguo zikawa rahisi. Kisha miaka michache baadaye pamba ikaanza kulimwa, na mkulima wa kawaida akapata fedha za kununua kile ambacho zamani alikipata mpendwa wa mfalme tu. Baganda wakaifanya kanzu kuwa yao. Wakaitia darizi nyekundu iitwayo omulela, shingoni na kushuka kifuani, kisha wakavaa koti la Kizungu juu yake. Mwarabu wa Maskati akiiona leo ataijua, lakini hatadai kuwa ni yake.

Kwa upande wa wanawake, busuuti nayo ina asili za namna nyingi. Watu huiita pia gomesi, kwa jina la fundi wa Kigoa aitwaye Gomes. Na ndani yake mwanamke hufunga kikoi, nguo ya pwani. Mama zetu huivaa pamoja na mtandio, na jirani zao Wakristo huivaa bila mtandio.

Kwa hiyo, kanzu ilipokuwa ya watu wote, alama ya Mwislamu ilihamia kichwani. Kofia nayo si jambo dogo. Huko pwani, zamani za utumwa, mtumwa mwanamume hakuvaa kofia, kwa kuwa kofia ilikuwa ya muungwana. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliharakisha kuvaa kanzu na kofia, na wanawake wakaiacha kaniki na merikani, wakavaa kanga za rangi na hatimaye buibui. Hawakuandika vitabu wala hawakuhutubu. Waliyotaka kuyasema waliyavaa.

Hapa kwetu nami nimeyaona hayo. Utawala wa Idi Amin ulipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, kisasi kiliwaangukia Waislamu wengi wasiokuwa na kosa, na huko Ankole mwezi wa Juni waliuawa ndugu zetu, wake kwa waume na watoto. Nilikuwa mtoto mdogo. Marehemu baba yangu aliikunja kofia yake, akaitia sandukuni chini ya shuka. Kanzu hakuiacha hata siku moja. Alitoka na kanzu na koti, akapita mbele ya askari, nao wakamwona mzee wa Kiganda kama wazee wengine. Nguo aliyoileta Mwislamu, na aliyoivaa adui yake London, ndiyo iliyompitisha salama. Nilipokua nilimwuliza kama aliona haya kuificha kofia. Alinijibu kwamba Mwenyezi Mungu anamjua bila kofia, lakini jirani hamjui.

Siku hizi baadhi ya vijana wetu wamerudi kutoka masomoni Arabuni na kanzu fupi, zenye kola na zisizo na omulela, nao huwatazama wazee wenye darizi nyekundu kana kwamba wamevaa bid'a. Mimi sigombani nao. Ila nawaomba wajue kwamba darizi ile ina historia ndefu kuliko kola yao katika nchi hii, na kwamba bwana harusi wa Kikristo anayeivaa siku ya kwanjula amevaa, bila kujua, kipande cha habari zetu.

Idi el-Fitri ya mwaka ule wa 1979 iliangukia mwezi wa Agosti. Alfajiri baba alifungua sanduku, akaikunjua kofia, akaipulizia maji na kuinyosha kwa kiganja. Kisha akanishika mkono, tukapanda kilima cha Kibuli, naye amevaa kofia yake njia nzima.